Semina za Utafiti Katika Idara ya Tiba ya Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya rejistra, wanafunzi wa udaktari, wauguzi, maafisa wa kliniki na wafamasia wanaohudhuria au kutayarisha semina za utafiti katika hospitali za kufundishia za Kisumu, Eldoret na Nakuru. Kila idara ina siku yake na saa yake. Uliza kwa katibu wa idara. Yaliyo hapa chini hayabadiliki sana kutoka mji mmoja hadi mwingine.

Semina ya utafiti ina tofauti gani na raundi kuu?

Raundi kuu humhusu mgonjwa: alikuja na nini, tulimpima nini, tulikosea wapi. Semina ya utafiti huhusu swali ambalo jibu lake bado halijapatikana, na njia ya kulipata. Ukisimama kwenye semina ukatumia dakika kumi kueleza dalili za kushindwa kwa moyo mbele ya madaktari bingwa wa moyo, utakuwa umekula muda wako bure. Wanajua. Wanachotaka kusikia ni kitu gani hakijulikani, na kwa nini mpango wako unaweza kukijibu.

Je, mtu asiye daktari anaruhusiwa?

Anaruhusiwa, na anahitajika. Muuguzi wa wodi ndiye anayejua kama kweli shinikizo la damu hupimwa saa sita usiku au huandikwa asubuhi kwa makadirio. Mtu wa maabara ndiye anayejua mashine ilibadilishwa mwezi gani. Maswali hayo mawili yameokoa tasnifu nyingi kuliko fomula yoyote.

Nilete kazi yangu lini, ikiwa imekamilika au bado?

Ilete kabla ya kupeleka pendekezo kwa kamati ya maadili. Wengi huja wakiwa na data mkononi, na hapo wanachoweza kuambiwa ni pole tu. Kigezo cha kumwingiza mgonjwa kwenye utafiti kikiwa kibaya, kwenye karatasi kinarekebishwa kwa dakika tano. Baada ya wagonjwa 150 hakirekebishiki.

Utaratibu unaofaa ni kuja mara tatu: swali na mpango likiwa rasimu, matokeo ya awali, hata kama ni majedwali matupu yaliyochorwa kuonyesha kitakachojazwa, kisha matokeo kamili kabla ya kutetea tasnifu. Ukipata nafasi moja tu, chagua ile ya kwanza.

Nina mada lakini sina swali. Nianzie wapi?

"Kisukari katika eneo la Ziwa" ni mada. Ili iwe swali, taja ni wagonjwa gani, ni kipimo au tiba gani, unalinganisha na nini, unapima matokeo gani, na ndani ya muda gani. Kwa mfano: kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili wanaohudhuria kliniki ya hospitali moja ya Kisumu, ni sehemu gani wana protini kwenye mkojo wakati wa hudhurio la kwanza, na je, waliogunduliwa wakiwa wodini hutofautiana na waliogunduliwa kliniki?

Kisha jiulize kama kipimo chako kinapima unachodhani. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu, ni mfano ambao eneo letu haliwezi kuukwepa. Kipimo hicho hutegemea chembe nyekundu za damu kuishi takriban siku 120. Kwa mgonjwa wa selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu), chembe hufa mapema, hivyo HbA1c hutoka chini hata sukari ikiwa juu. Upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha. Kwa mwenye kurithi jeni moja tu ya selimundu, tatizo hutegemea njia ambayo mashine hutumia. Magharibi mwa Kenya jeni hiyo ni ya kawaida, kwa hiyo pendekezo lolote linalotumia HbA1c bila kutaja kiwango cha damu, hali ya selimundu na aina ya mashine litarudishwa. Andika mapema utafanya nini: utawaondoa wagonjwa hao, utatumia sukari ya kabla ya kula, au utawachambua peke yao.

Nipewe dakika ngapi na slaidi ngapi?

Kwa kawaida dakika 20 za kuongea na 20 za maswali. Slaidi moja kwa dakika ni kadiri nzuri. Ukivuka 20 utaanza kukimbia. Herufi zisipungue ukubwa wa pointi 24. Jedwali lenye safu 14 halisomeki kutoka mstari wa tatu, na mwasilishaji anayesema "najua hamwoni vizuri, lakini..." angeliacha nyumbani.

Mgawanyo unaofanya kazi: dakika 3 za usuli, 1 ya swali lenyewe, 10 za mbinu, 4 za matokeo au majedwali matupu, 2 za mapungufu na maswali unayotaka usaidiwe. Ndiyo, mbinu zipate nusu. Wanaoanza hugeuza: usuli dakika 12, kuanzia takwimu za dunia, Afrika, Kenya, kaunti, mpaka mwenyekiti anapoangalia saa.

Kwa nini kila pendekezo lina wagonjwa 384?

Kwa sababu watu hunakili. Fomula ya idadi ya wagonjwa, n, ni n = Z²p(1−p)/d²: Z ni namba ya kiwango cha uhakika (1.96 kwa asilimia 95), p ni kiwango cha ugonjwa unachokitarajia, na d ni kosa unalolikubali juu au chini ya jibu. Ukiweka Z 1.96, p 0.5 na d 0.05 unapata 384.16, ambayo kwa haki ingepandishwa kuwa 385. P ya 0.5 hutumika pale usipojua kabisa hali hiyo imeenea kiasi gani, kwa kuwa ndiyo inayotoa idadi kubwa zaidi. Ukiwa na utafiti wa awali unaoonyesha asilimia 15, idadi inashuka hadi 196.

Makosa tunayoyaona kila muhula ni haya.

La kwanza, d ya asilimia 5 kwa ugonjwa wa asilimia 3. Maana yake unakubali jibu lililo kati ya hasi 2 na 8, na hakuna ugonjwa wenye kiwango hasi. Punguza d iwe 0.015 na utahitaji watu 497. Kama huwapati, badilisha swali.

La pili, kuongeza asilimia 10 kwa ajili ya watakaokataa au kupotea kwa kuzidisha 1.1. Unatakiwa kugawanya kwa 0.9: 196 inakuwa 218, si 216. Tofauti ni ndogo, lakini mtahini mmoja wapo atauliza.

La tatu ni kusahihisha kwa ajili ya idadi ndogo ya wagonjwa. Kliniki ikiwa na wagonjwa 200 tu, 384 inashuka hadi 132. Hesabu ni sawa, ila masahihisho hayo yana maana ikiwa unataka kujua habari za hao 200 na si wengine. Na kama ni 200 tu, kwa nini usiwachukue wote?

La nne ndilo baya zaidi: kutumia fomula hii kwa utafiti wa kulinganisha makundi mawili. Fomula ya asilimia moja haijui kuwa kuna makundi. Ukitaka kuonyesha tofauti kati ya asilimia 60 na 40, kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuigundua tofauti hiyo ikiwa ipo), unahitaji takriban 95 kila kundi. Kati ya 50 na 40 unahitaji 385 kila kundi, jumla 770. Kufanana kwake na ile 385 ya kwanza ni bahati tu ya tarakimu, lakini kumewapotosha wengi wakadhani wamefika kumbe wako nusu ya safari.

Ninataka kutumia mafaili ya zamani kwa kuwa ni haraka. Ni kweli ni haraka?

Kupata ruhusa ni rahisi kidogo. Kazi yenyewe si ya haraka, na mitego ni mingi.

Anza kwa kwenda kitengo cha rekodi na orodha ya namba 20 zilizochaguliwa kwa nasibu. Hesabu ngapi zimepatikana, na kati ya hizo ngapi zina taarifa unayoihitaji. Ukipata 11 kati ya 20, huo ndio ukweli wa utafiti wako, na uuseme kwenye semina. Kisha angalia zilizokosekana ni za akina nani. Mara nyingi faili za waliofariki huwekwa kando, au zilitolewa kwa ajili ya kikao cha kujadili vifo zisirudi. Ukichambua zilizobaki tu, hospitali yako itaonekana kuponya karibu kila mtu.

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na namba tatu za kulazwa. Amua kama unahesabu watu au kulazwa, na useme.

Vipimo vina lugha mbili. Kreatinini (kipimo cha figo) ya 1.2 mg/dL ni 106 µmol/L, kwa kuwa unazidisha kwa 88.4, sukari ya 126 mg/dL ni 7.0 mmol/L, unagawanya kwa 18. Hospitali inayopeleka sampuli nyingine nje itakuwa na vyote viwili ndani ya faili moja. Fomu yako ya kukusanyia data iwe na kisanduku cha kipimio pembeni ya kila tarakimu, la sivyo utakuja kuwa na wagonjwa wenye kreatinini ya 1.2 waliochanganywa na wenye 106, na wastani usio na maana.

Halafu kuna kalenda ya nchi. Mgomo wa madaktari wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Mgomo wa wauguzi mwaka huo huo wa 2017. Covid-19 mwaka 2020. Mgomo wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024. Na bima ya afya ya umma kuhama kutoka NHIF kwenda SHA mwezi Oktoba 2024. Kila moja ilibadilisha nani anafika wodini. Ukiona kulazwa kwa kiharusi kumeshuka kwa nusu Aprili 2024, usiandike kwamba dawa za presha zimeanza kufanya kazi. Weka miezi hiyo wazi kwenye grafu yako.

Mwisho, watu wawili wajaze fomu kwa faili zile zile, angalau moja kati ya kumi, bila kuonyeshana. Wakitofautiana sana kwenye kitu kama "alivuta sigara", kitu hicho hakikuandikwa vizuri na hakifai kuwa msingi wa hitimisho.

Ruhusa zinafuatana vipi?

Idara na chuo kwanza, kisha kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Eldoret kamati hiyo ni IREC, inayohudumia Chuo Kikuu cha Moi pamoja na hospitali ya kufundishia na rufaa ya Moi (MTRH); Kisumu, hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga (JOOTRH) na Chuo Kikuu cha Maseno kila kimoja kina kamati yake. Baada ya cheti cha maadili unaomba leseni ya utafiti ya NACOSTI, inayotolewa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Kisha hospitali yenyewe, na kaunti ikiwa utaingia vituo vyake. Ukigeuza mpangilio utarudishwa mwanzo wa foleni.

Angalia tarehe ya kuisha. Vibali hutolewa kwa muda, na data iliyokusanywa kati ya kuisha kwa kibali na kuhuishwa kwake inaweza kukataliwa yote.

Kupitishwa na semina ni ruhusa ya kuanza?

Hapana.

Je, nionyeshe picha ya mgonjwa au eksirei?

Eksirei, ndiyo, baada ya kufuta jina, namba na tarehe. Kufunika jina kwa kisanduku cheusi ndani ya slaidi hakutoshi, maana anayepokea faili anaweza kukisogeza. Kata picha kabla ya kuiweka. Uso wa mtu, chale, au kidonda kilicho mahali pa kipekee vinahitaji idhini ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kikundi cha WhatsApp cha idara si mahali pa kuhifadhi orodha ya wagonjwa yenye namba za simu. Kumbuka pia kwamba "mzee wa miaka 71, mvuvi wa kisiwa fulani, mwenye ugonjwa adimu" ni mtu anayetambulika hata bila jina.

Fomu ya idhini iandikwe kwa lugha gani?

Slaidi na tasnifu ni Kiingereza. Fomu ni ya mgonjwa: Kiswahili, na pia Dholuo, Kiluhya, Kikalenjin au Gikuyu kulingana na unakokusanyia. Mtu mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona ya awali airudishe kwa Kiingereza, kisha mlinganishe. Sehemu inayovunjika kila mara ni kupangwa kwa nasibu, yaani bahati ndiyo huamua nani anaingia kundi gani: watu husoma kana kwamba daktari atawachagulia kilicho bora. Ijaribu kwa watu watano kwenye benchi la kliniki, na uwaombe wakueleze walichoelewa. Kuwauliza "mmeelewa?" hakusaidii, mgonjwa mwenye heshima zake atamjibu daktari ndiyo.

Nimepata uwiano wa odi wa 2.25. Niseme hatari imezidi mara mbili?

Usiseme. Tuseme asilimia 60 ya kundi moja walirudi kulazwa na asilimia 40 ya jingine. Hatari imezidi mara 1.5 (60 kwa 40). Uwiano wa odi, ambao hulinganisha waliorudi na wasiorudi katika kila kundi (60/40 kugawanya kwa 40/60), kwa data hiyo hiyo ni 2.25. Viwili hivyo hukaribiana pale tu tukio linapokuwa nadra, chini ya takriban asilimia 10. Wodini kwetu kurudi kulazwa na vifo si nadra kiasi hicho, kwa hiyo toa uwiano wa hatari, au angalau weka asilimia zenyewe mbele ya msomaji.

Na usijaze vigezo (mambo unayodhani yanaathiri matokeo) kwenye modeli ya takwimu. Kanuni ya kidole gumba ni matukio 10 kwa kila kigezo. Ukiwa na vifo 30, unaruhusiwa vigezo vitatu hivi. Ukiweka kumi na viwili, programu haitalalamika, itakupa majibu ya kubahatisha yenye desimali nne.

Thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kama hiyo au kubwa zaidi kwa bahati tu; si ile p ya fomula) isisimame peke yake. Weka masafa ya uhakika wa asilimia 95, yaani mipaka ambamo jibu la kweli huenda limo, maana ndiyo yanayoonyesha kama matokeo "yasiyo na tofauti" ni ya kweli au ni utafiti mdogo tu.

Kwenye klabu ya majarida nichague makala gani?

Klabu ya majarida ni kikao cha kujadili makala za utafiti. Chagua inayoweza kubadilisha unachofanya Jumatatu, na uisome kuanzia mbinu. Muhtasari usome mwisho.

Kwa anayeanza, jaribio la tohara lililofanyika Kisumu na kuchapishwa kwenye Lancet mwaka 2007 ni la kufundishia kweli kweli. Wanaume 2,784 wa miaka 18 hadi 24 walipangwa kwa nasibu, katika jamii ambayo kwa desturi haitahiri. Baada ya miaka miwili, maambukizi ya VVU yalikuwa asilimia 2.1 kwa waliopangiwa kutahiriwa mapema na 4.2 kwa waliosubiri. Hapo kuna masomo manne. Hatari ilipungua kwa karibu nusu, lakini tofauti halisi (4.2 kutoa 2.1) ni pointi 2.1 za asilimia, yaani takriban wanaume 48 watahiriwe ili kuzuia ambukizo moja katika muda huo. Haikuwezekana kumficha mtu kundi lake, hivyo uliza kama tabia zilibadilika. Walichambuliwa kwa kundi walilopangiwa, hata wale ambao hawakufuata. Na jaribio lilisimamishwa mapema, Desemba 2006, jambo ambalo kwa kawaida huweza kukuza matokeo. Kilichotuliza wasiwasi ni kwamba majaribio ya Orange Farm huko Afrika Kusini na Rakai nchini Uganda yalielekea upande ule ule.

Profesa akiniuliza swali nisiloweza kujibu?

Sema, "Hilo sijalifikiria, Prof, nitaliangalia," kisha liandike hapo hapo mbele yake. Usibuni. Swali refu lirudie kwa kifupi kabla ya kulijibu, hasa kwa ajili ya walio mtandaoni. Na msimamizi wako asikujibie. Mwambieni mapema, kwa adabu, akae kimya mpaka mwisho. Mwenyekiti naye afanye lililo lake: rejistra na wauguzi waulize kwanza, madaktari bingwa baadaye. Wakubwa wakianza, wadogo hunyamaza.

Stima ikipotea?

Weka nakala ya PDF kwenye flashi na nyingine kwenye simu, kwa sababu muundo wa slaidi huvurugika ukihamishiwa kompyuta nyingine. Chapisha ukurasa mmoja wenye swali, mchoro wa utafiti na jedwali kuu, nakala kumi zinatosha. Jenereta huchukua muda, na projekta huhitaji muda wake tena wa kuwaka. Semina ikiendelea bila projekta mara nyingi huwa nzuri zaidi.

Kwa wanaofuatilia kwa Zoom kutoka hospitali za kaunti, tatizo kubwa ni sauti kuliko picha. Maiki moja izunguke chumbani. Wanaohitaji pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) waandike jina kamili na namba ya usajili. "Samsung A14" haipewi pointi.

Majina ya waandishi yapangwe lini?

Siku ya pendekezo, kwa maandishi. Vigezo vinavyotumika na majarida ya tiba ni vinne na vyote vitimizwe: kuchangia wazo, mpango, data au uchambuzi; kuandika au kusahihisha kwa kina; kuidhinisha nakala ya mwisho; na kukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Kuwa mkuu wa idara hakumo. Kusaini fomu ya maabara hakumo. Aliyesaidia bila kutimiza vyote hushukuriwa kwa jina, kwa ridhaa yake.

Baada ya semina nifanye nini?

Mtu mwingine, si wewe, aandike maoni yote wakati unaongea. Huwezi kujibu na kuandika pamoja. Ndani ya wiki moja tengeneza jedwali la safu tatu: maoni, umefanya nini, ukurasa gani. Maoni usiyokubaliana nayo yajibu kwa sababu, usiyaruke. Litume kwa msimamizi na kwa mwenyekiti wa semina, na ulibebe utakapokwenda kwa kamati ya maadili, kwa kuwa nusu ya maswali yao yatakuwa yale yale.